Kona ya Mkuku

Leo nimechana mkeka wa kioo kwa mikono.
Mkasi huacha ukingo ulionyooka kama kipandio cha ngazi,
na chini ya kipandio ndipo hewa hulala.
Kuchana huacha ndevu,
na ndevu hushikana na ndevu,
hapabaki kizingiti.

Fundi Bauma aliniambia hivi siku ya kwanza,
Kyeshero, bandani, mvua ikigonga mabati,
pipa la rezini limefika kwa chukudu
na harufu yake imeingia hadi kwenye bugali wetu:
"Hewa ni mujanja, Katungu.
Haipendi fasi ya wazi. Inapenda kona."

Nilicheka.

Mtumbwi wangu wa kwanza ulikuwa wa Mama Nsimire wa Minova,
mweupe, mstari wa kijani ubavuni,
wa kuvusha viazi na mbuzi.
Pale mkuku unapopinda kukutana na ubao wa nyuma
kalibu imebana, kidole hakiingii,
nami nikasukumiza mikeka miwili kwa mara moja
kwa sababu Jumamosi ilikuwa inaisha.
Mkeka ulirudi nyuma, unene wa ukucha tu,
kama goti la mtu aliyechoka kukunjwa.
Sikuona kitu. Juu kulimeremeta.
Jua la Julai likaikuta ile hewa, likaivimbisha;
wiki ya tatu ngozi nyeupe ikapasuka kama ganda la yai
na magunia kumi na moja ya viazi yakanywa ziwa.

Mama Nsimire hakunitukana.
Alitia kidole chake katika tundu
akakiacha humo, akanitazama.

Kwa hiyo sasa naanza na kona.
Kwanza rezini, kalibu inywe kabla ya mkeka.
Halafu uji: rezini na unga wa nyuzi,
mzito kama wa mtoto anayeanza kula,
naupaka kwa mgongo wa kijiko
mpaka kona iwe kiganja kilichokunjwa kuteka maji.
Juu yake kitambaa chembamba,
vipande vya upana wa vidole viwili,
kimoja, kisha kimoja.
Brashi siiburuzi. Nagotagota kwa ncha,
toka katikati kwenda nje,
naifuata hewa kama unavyomtoa kuku chumbani
bila kumtisha, mlango ukiwa wazi.
Weupe unageuka maji. Ukibaki weupe, nangoja.
Dawa ya kugandisha nimetia kidogo;
mwenye haraka huganda pamoja na kosa lake.

Huku kwetu hata mtoto anajua hewa inayojificha.
Mama alinionyesha mbuzi wa jirani
kwenye shimo la mawe meusi nyuma ya kanisa,
amelala kama anayetafuna,
na nzi wamelala kando yake.
Mazuku, alisema, akanivuta mkono kuelekea juu.
Haina rangi. Inakaa chini, inangoja mwenye kuinama.
Siku hizi nikiinama ndani ya kalibu
nabana pumzi, wala sijui
ni kwa kuogopa hewa ipi.

Jioni. Ganda limetoka kalibuni zima, linang'aa.
Bwana Paluku ameshalipa nusu, ameshapiga picha
akiwa amelikumbatia kama bibi harusi.
Fundi amekwenda kuulizia bei ya rangi.
Natoa sarafu ya zamani, ya wakati wa zaire,
isiyonunua hata njiti ya kiberiti,
nagonga ubavu: ko, ko, ko.
Nagonga kona ya mkuku: ko, ko.
Halafu, mahali pa ukubwa wa ukucha: po.

Labda ni tone la mvua.
Nagonga tena.
Po.

Nachora duara dogo kwa chaki,
naweka sarafu mfukoni,
naenda kutafuta patasi.